Mada Hii Imehamishiwa Mahali Pake

Jumatatu, 3 Juni

Kwa msimamizi wa jukwaa anayejiita Ufagio,

Salamu sikupi, maana sijui nampa nani. Nakuandikia huku kwenye sanduku la faragha kwa sababu kule nje mikono yako ni mirefu mno.

Alhamisi iliyopita dada mmoja anayejiita Mama Pacha aliandika kwenye chumba cha Watoto Wetu kwamba mtoto wake anawashwa mikono na anakohoa. Tukamjibu wengi, kila mmoja akieleza wa kwake alianza kuwashwa lini na nini kinampa nafuu. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri, hakuna aliyemtukana mtu. Mara ukatokea wewe, ukaibeba mada nzima na majibu yake yote, ukaitua kwenye chumba cha Kazini, na juu yake ukabandika: "Mada hii imehamishiwa mahali pake. Asante kwa uelewa wako."

Uelewa gani? Hili ni jukwaa la mafundi cherehani na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na kila mtu anajua Kazini ndiko wanakosoma wakubwa. Nyapara wetu hawezi kunywa chai bila kuperuzi Kazini. Akasoma, akamtambua mwandishi, kwa sababu kwenye meza ya kukatia mwenye mapacha ni mmoja tu. Jumamosi Mama Pacha akapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kosa la kuchafua jina la kiwanda. Kikao chake cha nidhamu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ana watoto wawili na mama mgonjwa, na wote wanakula kwa mikono yake hiyo inayowasha.

Kwa hiyo nakuuliza kwa macho makavu: kiwanda kinakupa nini?

Sindano Butu


Jumanne, 4 Juni

Kwa Sindano Butu,

Mimi salamu nakupa, hata kama wewe umeninyima.

Sipewi chochote na kiwanda chochote. Jukwaa hili lina vyumba, na kila chumba kina kazi yake: Mishono, Mashine, Soko, Kazini, Watoto Wetu, Rambirambi na vinginevyo. Watu wanaingia mbio na kubandika popote mlango ulipo wazi. Mwezi uliopita kuna bwana alitangaza mashine ya ovaloki kwenye Rambirambi, katikati ya watu wanaolia, na akaandika bei inazungumzika. Bila mtu wa kupanga vitu, hapa pangekuwa gulio. Kanuni yetu ni kwamba hatufuti maneno ya mtu, tunayahamisha tu. Anayeweza kufuta ni mwandishi mwenyewe.

Mada ya dada yako niliisoma kwa makini. Mtoto anawashwa kila anapokata kitambaa cha buluu. Mtoto anapata nafuu Jumapili. Mtoto akibadilishiwa zamu anakohoa zaidi. Nikajiuliza, mtoto gani huyo mwenye zamu? Nikaona waandishi wamekosea mlango, nikawasaidia. Haikunipitia akilini kwamba mlango huo mliuchagua makusudi.

Yaliyompata Mama Pacha yameniuma, na sisemi hivyo kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila na mimi nina swali. Umejiunga juzijuzi tu, na tayari unajua nani anasoma nini na saa ngapi. Wapo watu wanaotumwa majukwaani kuwachokoza wenzao waseme, halafu wanakwenda kuripoti. Nitajuaje wewe si mmoja wao?

Mwambie avae barakoa akirudi. Ile meza ya dirisha lisilofunguka ndiyo inayokusanya vumbi kuliko zote.

Ufagio
Msimamizi wa Jukwaa


Jumatano, 5 Juni

Shemeji yangu,

Vipi hali ya duka? Mimi bado niko safarini kutafuta mzigo, miguu imevimba lakini roho iko juu. Nyuzi nimepata nzuri, vifungo bado nazungushwa.

Kuna jambo dogo. Afisa utumishi wa kile kiwanda kikubwa amenipigia simu. Mtu mstaarabu sana, ameanza kwa kuniuliza habari za familia. Anasema kuna mada ilipotelea kwenye chumba cha watoto ukairudisha Kazini, na amekusifu sana kwa kazi hiyo. Sasa anaomba namba za simu za wale waliochangia, walizojiandikishia, ili awaelekeze vizuri. Hasa huyo anayejiita Sindano Butu. Wewe ndiye mwenye kuingia kwenye orodha. Mimi na hayo mambo, unanijua, kuwasha tu simu ni kazi.

Niandikie hizo namba kabla ya wiki kuisha. Na kwa siri yetu, shemeji: kiwanda kinatafuta mtu wa kukiuzia nyuzi mwaka mzima. Unaona mambo yanavyojipanga? Marehemu mke wangu, mdogo wako, angekuwepo angepiga vigelegele.

Mwanzilishi wa Jukwaa (shemeji yako mwenyewe)


Alhamisi, 6 Juni

Wewe Ufagio,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara nakwama palepale.

Dirisha gani?

Nimerudi kwenye mada yote, jibu kwa jibu. Hakuna aliyeandika habari ya dirisha. Mama Pacha hakuandika, mimi sikuandika, na wenzangu nimewauliza mmoja mmoja chooni, ambako nyapara hafiki. Dirisha lipo, na kweli halifunguki, lilipigwa misumari. Lakini lionekane na nani? Mgeni haingii ukumbi wa kukatia. Anayelijua ni anayekata, au anayewasimamia wanaokata.

Basi nimeshakupata. Unauma na kupuliza. Unahamisha mada watu wafukuzwe, halafu unaniletea ushauri wa barakoa kama muuguzi. Wenzangu wanasema wewe ni nyapara mwenyewe. Mimi nasema nyapara hawezi kuandika sentensi mbili bila kutukana, kwa hiyo wewe ni mwingine, wa ofisini, labda yule mama wa stoo anayetuhesabia nyuzi.

Na unathubutu kuniuliza mimi kama nimetumwa!

Sindano Butu


Ijumaa, 7 Juni

Shemeji,

Duka ni zima. Zipu nyeupe zimekwisha, na mwenye nyumba wa jirani anaendelea kuegesha pikipiki mlangoni.

Kuhusu zile namba, nimesita. Watu walipojiandikisha tuliwaambia namba zao hazitatoka kwa msimamizi. Maneno yale uliyaandika wewe mwenyewe, na mimi niliyasahihisha nukta tu. Halafu sijaelewa: afisa akitaka kuwaelekeza watu jinsi ya kupanga mada, si aniachie mimi? Hiyo ndiyo kazi uliyonipa. Na kwa nini mmoja wa waliochangia tayari amesimamishwa kazi?

Samahani kwa maswali mengi. Nadhani kuna kitu hujaambiwa.

Shemeji yako


Jumamosi, 8 Juni

Shemeji,

Umenifanya nicheke peke yangu ndani ya basi, watu wakaniangalia. Maswali utafikiri mahakamani!

Nimeambiwa kila kitu. Kuna kikundi cha wanawake wachache wanaotaka kuharibu kazi za wenzao kwa uzushi wa upele. Huyo aliyesimamishwa ni mkia tu, wanatafuta kichwa. Ahadi ya namba ilikuwa kwa watu wema. Mtu akija kwako na nia mbaya, ahadi imekwisha.

Sitaki tugombane. Nimeshaongea na fundi wa mtandao aliyetutengenezea jukwaa. Alhamisi asubuhi atapita hapo dukani kuifungua orodha mwenyewe. Kwa hiyo namba zitatoka, utake usitake. Nilitaka tu zitoke kwa mkono wako, kwa heshima.

Kile chumba cha nyuma ya duka unakaa kwa wema tu, shemeji, na sijawahi kukukumbusha hilo hata siku moja. Wala leo sikukumbushi.

Mwanzilishi


Jumapili, 9 Juni

Kwa Sindano Butu,

Soma barua hii kwanza, matusi utaniletea baadaye.

Kiwanda kinatafuta namba za simu za wote waliojibu mada ile, na wewe wanakutafuta zaidi. Mimi nimekataa kuzitoa. Lakini Alhamisi asubuhi kuna mtu atakuja kuifungua orodha bila mimi, na siwezi kumzuia. Orodha inaonyesha namba ya kila mtu ambaye bado ana maneno yake kwenye jukwaa. Ukifuta maneno yako na kujiondoa, namba yako nayo inaondoka.

Kwa hiyo futeni. Wote, kila mmoja maneno yake, na mjiondoe kabla ya Alhamisi. Mimi sina uwezo wa kufuta, ningekuwa nao ningefanya tangu jana.

Kuhusu dirisha, nitakueleza siku nyingine. Sasa hivi hakuna nafasi ya hadithi.

Ufagio


Jumatatu, 10 Juni

Ufagio,

Heko. Sasa ndiyo nimeona kazi yako yote, mwanzo mpaka mwisho.

Unajua ile mada ni nini? Mama Pacha hana daktari aliyemwandikia kitu, kwa sababu zahanati ya kiwanda inagawa losheni na kukuambia uoge vizuri. Ushahidi wake wote kwenye kikao cha Ijumaa ni ile mada: nani alianza kuwashwa, siku gani, baada ya kitambaa gani kuingia. Iko pale na tarehe zake, imeonwa na watu wa viwanda vingine. Tukipeleka picha za mada tulizopiga kwenye simu watasema tumezitengeneza. Kwa hiyo mtu wa kiwanda angetaka nini kuliko sisi wenyewe tuifute, kwa mikono yetu, kwa hofu, siku chache kabla ya kikao? Na nani ananishauri hivyo? Mtu anayejua dirisha letu na hataki kusema analijuaje.

Wenzangu wawili wameshtuka na walitaka kufuta leo hii. Nimewanyang'anya simu. Mmoja analia mpaka sasa, anasema mume wake akisikia amefukuzwa itakuwa balaa. Nami naogopa, nakuambia ukweli. Nikikuamini na wewe ni muongo, nimemzika Mama Pacha. Nisipokuamini na wewe ni mkweli, nimetuzika wote.

Nakupa nafasi moja. Kama uliwahi kusimama kwenye meza ile, niambie wakataji wanafunga nini vidoleni, na kwa nini. Usiponijibu hili usiniandikie tena.

Sindano Butu


Jumanne, 11 Juni

Mwanangu,

Nakuita mwanangu kwa sababu nadhani umri wako unaruhusu.

Mnafunga vipande vya kitambaa cheupe, vile vinavyobaki kwenye kukata mifuko. Lazima viwe vyeupe. Kipande kikishageuka buluu mpaka ndani unajua rangi imefika kwenye ngozi, unakitupa na kufunga kingine. Wakati wetu nyapara alitukataza, akasema tunapoteza mali ya kiwanda, tukawa tunavificha ndani ya soksi. Kama bado mnavificha ndani ya soksi, basi hakuna kilichobadilika pale.

Nilikata kwenye meza ile mpaka nikawa siwezi kushika mkasi. Dirisha lilipigwa misumari mbele yangu, kwa sababu upepo ulikuwa unapeperusha vitambaa vyepesi na kuharibu vipimo. Vidole vyangu vilipasuka, nikaambiwa ni mzio wa sabuni. Nikaambiwa hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kusema hivyo mwenyewe. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye jukwaa hili, mpaka leo anajua ni sabuni, na bado ananiletea ya maji kila akisafiri. Nakaa kwenye chumba cha nyuma ya duka lake. Anatafuta kukiuzia kiwanda nyuzi. Umeniuliza kiwanda kinanipa nini. Sasa unajua nani anategemea kupewa, na nani anamtegemea yeye.

Niliposoma mada ya Mama Pacha niliitambua ile ngozi tangu mstari wa kwanza. Nikaihamisha haraka. Nilijiambia ni kanuni. Sasa hivi, nikijiuliza vizuri, nadhani nilitaka tu iondoke kwenye chumba ninachopenda kukaa, kile cha watoto, ambako watu wanaulizana habari za meno na homa. Nimeona aibu kuliandika hili.

Usiniamini kama huwezi. Lakini Alhamisi ni kweli.

Ufagio


Jumatano, 12 Juni

Mama,

Bado tunavificha ndani ya soksi.

Nimewasomea wenzangu barua yako. Mmoja amesema kwamba hata jasusi anaweza kuwa aliwahi kukata nguo. Ni kweli. Kwa hiyo nakuambia wazi: sikuamini yote. Nakuamini nusu, na nusu nyingine nimeiweka pembeni mpaka Ijumaa ipite.

Tumekaa baada ya zamu, nyuma ya ukuta wa pipa la takataka, tukabishana mpaka midomo ikakauka. Tukifuta, Mama Pacha anaingia kwenye kikao mikono mitupu. Tusipofuta, Alhamisi wanatupata mmoja mmoja, kwa namba, na kila mmoja ataitwa ofisini peke yake. Hicho ndicho kilichotuamsha, mama: peke yake. Yule aliyekuwa analia ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Kama watatujua tu, si bora tujitaje wenyewe?" Tukacheka kama wajinga.

Mmoja watamwita mzushi. Meza nzima, na oda kubwa inatakiwa kutoka mwisho wa mwezi, wataiita nini?

Kesho kabla ya kengele ya asubuhi tunaandika. Hatuandiki tena kwenye Watoto Wetu, wala hakuna mtoto anayewashwa. Tunaandika Kazini, kila mtu kwa jina lake kamili na picha ya mikono yake. Mama Pacha anaanza. Naogopa sana, lakini nimeshawaambia wenzangu kwamba siogopi, kwa hiyo usinisaliti hata kwa hilo.

Ombi langu kwako ni dogo. Usihamishe.

Sindano Butu, kwa mara ya mwisho kwa jina hili


Alhamisi, 13 Juni

Shemeji!

Unalala? Umeona Kazini? Afisa utumishi amenipigia simu anafoka mpaka nikaiweka mbali na sikio! Mikono, mikono, mikono! Ukurasa mzima ni mikono ya watu, na majina yao kamili chini, na watu wa viwanda vingine wameanza kuingia na kuweka ya kwao!

Hamisha. Zote, sasa hivi, zipeleke Stoo, kile chumba ambacho tunaona mimi na wewe tu. Sababu andika mada haziko mahali pake. Sijakuomba ufute, kwa hiyo kanuni iko palepale. Wakihoji, jibu ile ya kila siku, asante kwa uelewa wako. Kabla ya saa sita nataka Kazini pawe safi kama sakafu ya msikiti na kanisa.

Nimekuweka kwangu miaka yote hii kama dada. Usinifanye nijute kwenye simu ya mtu mkubwa.

Mwanzilishi


Alhamisi, 13 Juni, baada ya adhuhuri

Shemeji,

Nimepata agizo lako, na fundi wa mtandao alifika asubuhi kama ulivyopanga. Nilimwambia orodha haina kazi tena kwa kuwa wenyewe wamejitaja. Akaperuzi kidogo kwenye simu yake, akaniangalia, akaomba maji, akaondoka.

Nakushukuru kwa chumba. Nasema kwa moyo kabisa, maana mdogo wangu alipokufa ungeweza kunifungia mlango na hukufanya hivyo. Vitu vyangu ni vichache, vimeingia kwenye mifuko miwili. Ufunguo nimeuacha kwa jirani mwenye pikipiki. Sijui nitalala wapi kesho kutwa, na nimekasirika nawe kwa kunifanya nichague, lakini leo nimepata mwenyeji. Ana mapacha, na ameniambia nisishangae kelele.

Sasa kazi yako. Uliniambia nihamishe mada zisizo mahali pake. Nimeingia Kazini nikaanza juu kabisa, kwa Mama Pacha, nikashuka moja baada ya nyingine, nikisoma jina na kuitazama mikono. Nilifanya polepole, kama nilivyofanya siku zote. Kila moja imeandikwa na mfanyakazi, inahusu kazi, na iko kwenye chumba cha kazi. Hakuna ya kuhamisha.

Hakikisha mwenyewe, usinitegemee mimi. Shuka mpaka chini kabisa, shemeji. Ya mwisho ni yangu.

Dada wa mke wako